Meneja amenirudishia karatasi: "Nenda kasome present simple"

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Tabata. Nafanya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja hapa mjini, na wageni wetu wengi wanatoka nje ya nchi. Mwezi huu imetokea nafasi mapokezi. Meneja aliniita akaniambia anafikiria kunihamishia huko, kwa sababu wageni wananipenda na sijawahi kuwa na kesi. Sharti lake moja tu: nimwandikie ukurasa mmoja kwa Kiingereza, nieleze kazi yangu ya kila siku tangu naingia hadi natoka, aone kama nitaweza kuandika ripoti za zamu.

Nikaandika. Karatasi ikarudi na wino mwekundu karibu kila mstari. Akasema, "Nenda kasome present simple, uniletee tena Jumatatu." Hakunikaripia. Ila wenzangu waliokuwepo walicheka, na mstari wangu mmoja sasa wamegeuza kuwa salamu, nikipita koridoni naitikiwa nao.

Kinachoniuma ni kwamba hiyo present simple nimeisoma. Msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari tukakuta kila somo ni Kiingereza, na kanuni nilizikariri: he, she, it, weka s. Mpaka leo nazijua. Nikishika kalamu zinapotea. Binti yangu yuko darasa la tatu, tunajinyima tumsomeshe shule ya mchepuo wa Kiingereza. Aliiona karatasi akasema, "Mama, hapa umekosea." Nikamuuliza kwa nini, akasema hajui, ila hawasemi hivyo.

Haya ndiyo niliyoandika mwanzoni mwa ukurasa, nimenakili kama yalivyo:

"I am start work at one o'clock in the morning every day. I am go to the rooms and I am clean. My boss check the rooms. She don't likes dust. I am knowing all the guests by name. The water sometimes finish and guest complain. If the guest will come early, I am telling reception."

Naomba unieleze kwa Kiswahili kitupu, maana nikielezwa kwa Kiingereza naitikia tu halafu nabaki nilipokuwa. Na uniambie ukweli: mtu wa umri wangu bado ananyooka?

Mama wa Tabata

*

Marahaba, Mama wa Tabata.

Unanyooka, na karatasi yako yenyewe ndiyo inayonipa moyo wa kusema hivyo. Makosa yake hayakutapakaa ovyo. Mengi yana chanzo kimoja, na chanzo hicho ni Kiswahili chako, ambacho kiko sawasawa. Anayekosea kwa utaratibu husahihishika upesi kuliko anayebahatisha. Hao waliocheka, wangeulizwa kosa liko wapi, nadhani wangejibu kama binti yako: hawasemi hivyo. Wewe unataka sababu, nami nitakupa.

Tuanze na "I am go". Kichwani ulikuwa na neno "ninaenda". Lina vipande vitatu: ni, na, enda. Ukavihamisha kimoja kimoja. "Ni" ukaiandika "I", "na" ukaiandika "am", "enda" ukaiandika "go". Hivyo hivyo zikaja "I am start" na "I am clean". Tafsiri umeifanya kwa uangalifu, ila "am" si "na". "Am" na wenzake "is" na "are" wanafanya kazi ya "ni" katika "mimi ni mama", na ya "-ko" katika "niko mapokezi". Baada yao huja jina, sifa au mahali: "I am a mother", "I am tired", "I am at reception". Kitenzi kikitaka kuwafuata ili kusema unachofanya, lazima kiongezwe "-ing". Ndiyo maana "I am clean" ni sentensi kamili ya Kiingereza, lakini inasema kwamba wewe ni msafi, umeoga. Nahisi huo ndio mstari wanaokuitikia nao koridoni. Usiufute kwa hasira, uelewe, kwa sababu ukishauelewa huo umemaliza nusu ya wino mwekundu.

Sasa tumtazame "na" mwenyewe. Sisi tumembebesha mzigo mkubwa. "Nasafisha vyumba" ni jibu la aliyekupigia simu ukiwa na kidekio mkononi, na ni jibu la shemeji anayeuliza siku hizi unafanya kazi gani. Neno ni lile lile na tunaelewana, kwa kuwa mazungumzo yenyewe yanaonyesha. Kiingereza hakikuruhusu kuacha hivyo. Kinakulazimisha uchague: wa simu unamjibu "I am cleaning rooms", na shemeji "I clean rooms". Hiyo ya shemeji ndiyo present simple, kitenzi kitupu bila "am" wala "-ing".

Utachaguaje? Usianzie kwenye Kiingereza. Anzia kwenye Kiswahili, kwa neno unalolitumia kila siku: huwa. Ukiwa na shaka, itie sentensi yako "huwa", kisha itie "sasa hivi", usikilize ipi inasema ulichokusudia. "Huwa naanza kazi asubuhi." Ndicho ulichotaka kusema, basi ni "I start work in the morning." "Sasa hivi naanza kazi." Sicho. Shuleni walitufundisha kiambishi "hu-", mimi husafisha, yeye husafisha, wao husafisha. Huku mtaani tunasema "huwa nasafisha". Maana ni moja: jambo la mazoea. Meneja hakutaka kujua unafanya nini dakika hii. Alitaka kujua siku yako huwa inakwendaje, kwa hiyo ukurasa mzima aliokuomba ni ukurasa wa "huwa". Wala usihangaike kutafuta neno la Kiingereza la kuiwakilisha hiyo "huwa", kwa kuwa kitenzi kitupu kimeshaibeba.

Mtego huu utakutana nao masikioni pia. Mgeni akikuuliza "What do you do?", haulizi ulichoshika. Anauliza kazi yako, nawe utamjibu "I work in housekeeping", na Mungu akijalia, "I work at reception". Anayetaka kujua unafanya nini muda huo atasema "What are you doing?"

Kuna vitenzi ambavyo kipimo cha "huwa" hakivifai, na kimoja umekitumia: "I am knowing all the guests." Kujua si tendo unaloliona likianza na kuisha kama kufagia. Ni hali uliyonayo. Vitenzi vya hali, kama know, want, like, need, understand na believe, hukaa kwenye present simple hata kama hali yenyewe ni ya sasa hivi. Kwa hiyo ni "I know all the guests." "Have" ya kumiliki nayo ni ya kundi hili. Mapokezi utauliza "Do you have a booking?", usiulize "Are you having a booking?", kosa ambalo hapa Dar nalisikia hata kwa watu wa maofisi makubwa. Lakini "have" ikibeba maana ya kula inageuka kuwa tendo, na "They are having breakfast" haina kasoro.

Tuje kwenye s, maana hapo ndipo unapojilaumu bure. Kiswahili huonyesha mtendaji kwa kila nafsi, na humwonyesha mbele: nasafisha, unasafisha, anasafisha, wanasafisha. Sikio letu limezoea kusikiliza mwanzo wa kitenzi. Kiingereza humwonyesha mwishoni, na siku hizi kwa nafsi moja tu. Zamani alama zilikuwa zaidi. Fungua Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611 utakuta "goeth" mahali ambapo leo ni "goes", na "thou goest" kwa anayeambiwa. Zile nyingine zimekufa, imebaki hiyo s ya mtu mmoja anayesemwa. Iko peke yake, iko mwishoni, na hata usipoiweka watu wanakuelewa. Ndiyo maana inaponyoka.

Lakini kwako kuna sababu nyingine ninayoiona wazi. Ulikariri "he, she, it". Kazini kwenu hakuna mtu anayeitwa she. Kuna meneja, mgeni, lifti, umeme, maji. Ulipoandika "My boss check", kanuni ilikuwa inamsubiri she, na she hakutokea. Mstari uliofuata ukaandika "She don't likes", na hapo s ikaja mbio, ingawa ilikaa pasipo pake. Basi kila ukiandika mtendaji, mbadilishe kwanza kichwani: my boss ni she, the lift ni it. Ukipata he, she au it, kitenzi kinachukua s. "My boss checks the rooms."

Maji yanataka uangalifu wa peke yake. Kwetu maji ni ya wingi, maji yanakatika, na ngeli hiyo inakuvuta uandike bila s. Kwa Kiingereza "water" ni it. Vivyo hivyo "luggage", hata yakiwa mabegi kumi, na "information", na "news". "Everyone" ni mmoja pia, kama kila mtu alivyo mmoja kwetu: "everyone pays". Ila "people" ni wengi: "people pay". Maji yakiisha, wenye lugha yao husema zaidi "runs out": "Sometimes the water runs out."

Na wageni je? Uliandika "guest complain", s haipo popote. Mgeni akiwa mmoja ni "the guest complains". Wakiwa wengi ni "the guests complain". Itazame s ilivyohama kutoka kwenye kitenzi kwenda kwa mgeni. Katika sentensi fupi za namna hii, ukiiona s pande zote mbili, au huioni hata upande mmoja, simama uhakikishe.

Ukikanusha au kuuliza, anaingia "do", na kwa he, she, it anaingia "does". Hapo s ni kama kijiti cha kupokezana: akishakishika "does", kitenzi kinakimbia mikono mitupu. "She doesn't like dust." "Does she like dust?" Kamwe usiandike "doesn't likes". Usione kwamba Kiingereza kinatatiza watu makusudi kwa kubadilika namna hii. Chetu nacho kikikanusha hubadilika: anapenda, hapendi. "Na" imeondoka na "a" ya mwisho imekuwa "i", nawe hujawahi kukosea. Hiyo ya kwao itazoeleka pia. "Am", "is" na "are" hawamhitaji "do" hata kidogo: "She is not here", "Is she here?" Na "can", "must" na "will" hawapokei s, wala kitenzi kinachowafuata: "She can speak French."

Namna ya kuiandika hiyo s haina mengi. "Go" na "do" huwa "goes" na "does". "Wash", "finish" na "check" uangalie zinavyotofautiana: washes, finishes, lakini checks. "Carry" huwa "carries", ila "pay" hubaki "pays" kwa kuwa kabla ya y pana irabu. "Have" huwa "has". Kwa matamshi, jihadhari na mazoea yetu ya kufunga neno kwa irabu: "works" isiwe "worksi". Kwenye "washes" na "finishes" ndipo panaposikika silabi ya ziada, "-iz". Mapokezi utazungumza kuliko kuandika, kwa hiyo yatamke kwa sauti.

"If the guest will come early." Hapa ungeliamini Kiswahili chako usingekosea. Husemi "kama mgeni atakuja mapema" unapotaja utaratibu, unasema "mgeni akija mapema", bila "ta". Kiingereza nacho huitoa "will" mahali hapo: "If a guest comes early". Popote unapotia "-ki-" ya namna hiyo, weka present simple, iwe baada ya if au when. Na "mpaka aje" ni "until he comes". Upande wa pili wa sentensi unaweza kuwa na "will" kama unamzungumzia mgeni mmoja wa kesho: "If the guest comes early tomorrow, I will tell reception." Kwa kuwa unaeleza ya kila siku, pande zote mbili ni za "huwa": "If a guest comes early, I tell reception."

Lililobaki si la kitenzi, lakini lingekuponza kuliko yote. Uliandika unaanza kazi "at one o'clock in the morning". Huo ni usiku wa manane, saa saba usiku. Saa moja asubuhi ni "seven". Sisi tunahesabu tangu jua lichomoze, wao tangu saa sita usiku, tofauti ni saa sita, basi ongeza sita au punguza sita. Hili nakusisitizia kwa ajili ya mapokezi, kwa sababu swali utakaloulizwa sana ni la boti: "What time does the ferry to Zanzibar leave?" Tuseme tiketi imeandikwa 09:30. Wewe utamwita mwenzako umwambie saa tatu na nusu, lakini mgeni utamjibu "It leaves at nine thirty." Ukisahau, mgeni atakosa boti. Na ona kwamba hata kama boti ni ya kesho hukuhitaji "will". Ratiba iliyopangwa, ya boti, treni ya SGR au kifungua kinywa, husemwa kwa present simple: "Breakfast starts at six thirty."

Sasa karatasi yako ikiwa imenyooshwa:

"I start work at seven o'clock every morning. I go to the rooms and clean them. My boss checks the rooms. She doesn't like dust. I know all the guests by name. Sometimes the water runs out and the guests complain. If a guest comes early, I tell reception."

Utaona nimeongeza "them" baada ya "clean", kwa sababu kitenzi hicho kinataka kijue kinasafisha nini. Sehemu iliyobaki ya ukurasa iandike wewe, mstari kwa mstari, ukipima kwa "huwa".

Mazoezi unaweza kuyafanya ndani ya daladala toka Tabata hadi Posta, kimya kimya. Sema siku yako kwa "I": I wake up, I make tea, I take the bus. Kisha isimulie siku hiyo hiyo kana kwamba ni ya jirani yako: she wakes up, she makes tea, she takes the bus. Halafu ikanushe. Ukipata nafasi ya kupita Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, tafuta kitabu cha sarufi chenye mazoezi na majibu nyuma. Kwenye simu, British Council wana LearnEnglish, masomo mengi ni ya bure. Magazeti kama Daily News soma habari za ndani, ila vichwa vyake visikuchanganye. "Minister opens market" ni jambo ambalo limeshafanyika. Nasi tuna mtindo huo huo, "Waziri afungua soko", na hakuna anayedhani waziri hulifungua kila siku.

Binti yako mpe kazi ya kukuuliza maswali jioni mkipika, "What does your boss do?", "Does the lift work?", nawe umjibu kwa sentensi nzima. Yeye ana sikio, wewe sasa una sababu, na akikuuliza kwa nini "does" imemeza s utaweza kumweleza.

Jambo moja la kujiandaa nalo mapema. Meneja amesema anapima kama utaweza ripoti za zamu. Ripoti ya zamu kwa kiasi kikubwa si ya "huwa", ni ya yaliyotokea usiku ule: mgeni fulani alilalamika, maji yalikatika. Hiyo ni past simple, "complained", "ran out", na present simple itabaki kwa yale yasiyobadilika. Ukishapeleka ukurasa wako Jumatatu niandikie, uniwekee na ripoti moja ya zamu uliyojaribu kuiandika, tuipitie kama tulivyoipitia hii.